Kusafisha Picha Studio Bila Kugombana na Mtu: Mwongozo Kamili

Bibi yangu yuko Pangani, na simu yake ni ya kitochi. Aliposema anataka kuona picha za harusi ya mjukuu wake, hakumaanisha nimtumie WhatsApp; alitaka albamu ya kupakata. Nikakusanya picha 86, nikazipeleka studio moja hapa Dar es Salaam, nikalipa elfu arobaini na tatu taslimu kabla sijaona hata moja, nikaambiwa, "Njoo kesho saa nne." Kesho ikawa keshokutwa, sababu umeme. Keshokutwa ikawa Jumatatu, sababu fundi kaenda msibani. Jumatatu nikapewa bahasha. Baba mkubwa hana paji la uso. Bibi harusi wetu, mweusi wa kung'aa, kawa rangi ya majivu. Na katikati ya picha zetu mna moja ya bibi harusi nisiyemjua kabisa, kasimama kando ya keki ya ghorofa tano.

Dada wa kaunta hakuinua hata macho. "Kaka, ndivyo simu yako ilivyopiga."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba, kwa baadhi ya picha, alikuwa na haki. Nyingine zilikuwa kosa lao tupu. Lakini mimi sikuwa na namna ya kutenganisha zipi ni zangu na zipi ni zao, na hela nilikuwa nimeshatoa yote. Nilibishana nusu saa, nikaondoka na bahasha ileile.

Tangu hapo nimesafisha picha mara nyingi, zangu na za ndugu, na mzozo kama ule haujanirudia ila mara moja, na mara hiyo nilishinda. Karibu kila kitu kinaamuliwa kabla hela haijatoka mfukoni.

Hatua ya kwanza: tafuta picha yenyewe, siyo kivuli chake

Picha nyingi tunazopeleka studio zimepita kwenye makundi mawili matatu ya WhatsApp, na kila zinapopita hubanwa ili zisafiri upesi. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Kwenye karatasi ya A4 utaiona, na hapo fundi hana la kukufanyia.

Fungua picha kwenye simu, ingia kwenye maelezo yake, utaona namba mbili, mfano 3000 × 4000. Hizo ni pikseli, vitone vinavyoijenga picha. Printa nzuri inataka pikseli 300 kwa kila inchi moja, kwa hiyo hesabu ni ya darasa la nne: inchi mara 300. Picha ya 4×6, ile ya albamu ya kawaida, inahitaji 1200 × 1800. Ya 5×7 inahitaji 1500 × 2100. Ya 8×10 inahitaji 2400 × 3000. A4 inataka takriban 2480 × 3508. Ukipungukiwa kidogo hakuna atakayejua. Lakini ukiona 1200 × 1600, jua hiyo ni ya albamu. Ukiing'ang'aniza kuwa A4 ya ukutani, utapata uso wenye ukungu na kope zilizoyeyuka.

Mpigie aliyepiga picha, mwombe akutumie upya kama dokumenti, siyo kama picha. Ikitumwa hivyo, WhatsApp haiibani. Chaguo la HD, lililokuja 2023, linasaidia lakini bado linapunguza. Njia nyingine ni kiungo cha Google Drive, au kuchomeka waya na kunakili moja kwa moja.

Wenye iPhone wana la ziada. Simu hizo huhifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, na kompyuta nyingi za studio zinagoma kuufungua. Zigeuze ziwe JPEG, mfumo wa kawaida, ukiwa nyumbani. Ukimwachia fundi, atakwambia "tuma tu WhatsApp", nawe umerudi ulikotoka.

Hatua ya pili: kata mwenyewe kabla hujakatiwa

Hapa ndipo paji la uso la baba mkubwa lilipoishia. Simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya 4×6 ina uwiano wa 3 kwa 2. Haviingiani. Mashine ikiambiwa ijaze karatasi nzima, inakata: picha iliyolala inapoteza sehemu moja ya tisa ya kimo chake, na iliyosimama inapoteza sehemu hiyohiyo ya upana. Kwenye picha ya ukoo, watu wamejipanga mistari mitatu, warefu nyuma na watoto wamekaa chini, hiyo moja ya tisa ni vichwa vya wajomba na miguu ya wajukuu. Mashine haijui nani ni nani.

Una njia mbili. Ya kwanza, fungua sehemu ya kuhariri kwenye simu, chagua uwiano wa 3:2, sogeza fremu mwenyewe mpaka kila mtu awe ndani, kisha hifadhi kama nakala mpya. Ya pili ni kumwambia fundi picha iingie nzima, pembeni pabaki peupe. Watu wengine hawapendi ule mpaka mweupe. Mimi naupenda, unafanana na picha za zamani, na haumkati mtu. Ukipiga picha wewe, acha nafasi juu ya vichwa na pembeni.

Hatua ya tatu: flashi safi

Usipeleke simu kaunta. Nimeona mtu anamkabidhi kijana simu iliyo wazi, kijana anapekua picha moja baada ya nyingine, foleni nzima inatazama. Nunua flashi ndogo, weka picha za kazi hiyo tu.

Panga kwa folda zenye majina yanayojieleza: "4x6 nakala moja", "4x6 nakala mbili", "A4". Fundi hatakuwa na sababu ya kuuliza wala kubahatisha. Baki na nakala nyumbani, maana kompyuta za studio huchomekwa flashi za mji mzima, na kirusi cha kuficha mafaili ni jambo la kawaida mno. Ukitumia memori kadi kubwa ya kamera, ina kaswichi kadogo ubavuni. Kasukume upande wa kufunga, kompyuta itasoma tu bila kuandika kitu.

Zikiwa zinanakiliwa, simama palepale uone hesabu. 86 kwenye flashi, 86 kwenye kompyuta.

Hatua ya nne: maswali matatu kabla ya bei

Swali la kwanza: "Mnasafisha hapahapa au mnapeleka kwingine?" Vibanda vingine ni wapokeaji tu. Wanakusanya kazi, jioni inapelekwa kwenye mashine kubwa mtaa mwingine, kesho yake inarudi. Si dhambi, lakini "njoo kesho" nyingi zinazaliwa hapo, na anayekuhudumia hana uwezo wa kurudia chochote.

Swali la pili: "Mashine gani?" Utakutana na za aina tatu. Ipo mashine ya dawa, kubwa kama kabati, ambayo inachora picha kwa mwanga wa leza kwenye karatasi, kisha karatasi inapita kwenye dawa, maji na kikaushio. Huko neno "kusafisha" bado ni kweli. Kwingine tunalisema kwa mazoea ya enzi za mikanda. Ipo mashine ya joto, ile ndogo ambayo karatasi inatoka na kurudi mara nne mbele ya macho yako: njano, majenta (nyekundu ya kizambarau), samawati, halafu tabaka angavu la kulinda. Picha yake hutoka kavu na haiogopi kidole chenye maji. Ya tatu ni printa ya wino, yenye matangi ya rangi ubavuni. Ikitunzwa vizuri inatoa picha nzuri sana, na kwa A4 na A3 mara nyingi ndiyo utakayoipata. Shida yake ni wino na karatasi za bei rahisi: zinapauka ukutani penye jua, na tone la maji linatosha kuchafua uso wa mtu.

Swali la tatu: "Karatasi ya kung'aa mnayo, ya mati mnayo?" Kwa albamu itakayoshikwa na vidole vya watoto na mafuta ya pilau, chukua mati, ile isiyong'aa. Kwa fremu yenye kioo vilevile, mati, kwa sababu ya kung'aa ikigusana na kioo penye unyevu hunata, na siku ya kuibandua inachanika.

Bei iulize mwisho. Ukianza na bei, utapewa bei ya karatasi nyembamba kuliko zote.

Hatua ya tano: sampuli

Kama una haraka na utafuata hatua moja tu, iwe hii.

Kabla ya kuwapa kazi nzima, safisha picha moja na uilipie. Usichague iliyo nzuri, chagua ngumu kuliko zote. Mimi huchagua picha yenye mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe, imepigwa ndani, usiku. Kwenye harusi yetu ilikuwa ya baba mkubwa na kanzu yake. Mashine ikiweza hiyo, nyingine zote zitapita.

Ipokee, ipe dakika kumi, kisha toka nayo nje, kivulini penye mwanga wa mchana. Taa za kaunta hudanganya. Angalia kanzu: je, mikunjo na darizi vinaonekana, au imekuwa bango jeupe? Angalia nywele na ndevu: zina nyuzi, au ni doa moja jeusi? Angalia shavu lililo upande wa giza. Ngozi yetu ina wekundu na udhahabu ndani yake. Ikigeuka kijivu au kijani, rangi moja imeisha au mashine haijapimwa. Ikiwa nyeupe kupita unavyomjua mtu wako, kuna aliyegusa.

Hilo la kuguswa lina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Siku hizi kosa linatoka kwingine. Programu ikiachiwa kazi ya kurekebisha yenyewe, ikiona picha ina giza jingi inaamua kuing'arisha. Na mafundi wengine wamezoea kuwa mteja hufurahi akiwa mweupe. Sema kwa mdomo wako, "Fundi, usiguse rangi, zima na marekebisho ya otomatiki." Mara nyingi maneno hayo tu yanatosha kumrudisha bibi harusi kwenye rangi yake.

Jambo moja la haki kwa fundi: kioo cha simu kinawaka, karatasi haiwaki. Picha yoyote ya karatasi itaonekana na giza kidogo kuliko kwenye simu. Shusha mwanga wa simu hadi nusu, ndipo ulinganishe.

Ukiridhika, andika nyuma ya ile picha "SAMPULI", tarehe, na mwombe fundi aweke sahihi. Wengi hucheka. Waache wacheke, ili mradi wametia sahihi.

Hatua ya sita: risiti yenye maneno

Risiti ya "picha 86, 43,000" haikusaidii. Mwombe dada wa kaunta aongeze kwa mkono: idadi, saizi, karatasi, rangi isiguswe, rangi kama sampuli, siku na saa ya kuchukua. Hayo ni maneno ya mstari mmoja na nusu. Kwa wa Tanzania, dai na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ile kaulimbiu ya TRA, mamlaka ya mapato, ya "ukinunua dai risiti" haikutungwa kwa ajili ya maduka makubwa peke yake.

Toa nusu, bakiza nusu. Wakikataa kabisa kupokea nusu, toa kwa picha kumi kwanza. Mtu aliyeshika hela yako yote hana haraka na wewe, hata awe na roho nzuri namna gani.

Hatua ya saba: fungua bahasha palepale

Kuna aibu fulani ya kukagua kazi mbele ya aliyeifanya. Iache mlangoni. Omba sehemu ya kaunta, kausha mikono, shika picha kwa kingo, hesabu.

Anza na tano za mwanzo na tano za mwisho, kwa sababu wino ukiisha katikati ya kazi, za mwisho ndizo zinazoumia. Mistari myembamba iliyonyooka ina maana tundu za wino zimeziba. Picha zilizogandana hazikukauka kabla ya kupangwa. Vitone vyeupe ni vumbi. Vichwa vimekatwa, angalia faili lako: kama wewe ulishakata 3:2, hilo ni lao. Na kama picha imejaa miraba miraba na faili lina kilobaiti 90, hilo ni lako, kaa kimya ulipe.

Tenga mafungu mawili, nzuri na mbaya. Hesabu mbaya. Neno "nyingi" halimtishi mtu, lakini "kumi na tisa kati ya themanini na sita" linamfanya fundi aje mwenyewe.

Hatua ya nane: mzozo wenyewe

Hapa ninawapa mazungumzo ya ile mara moja niliyoshinda, nilipozirudia picha za harusi, karibu neno kwa neno. Nilikuwa nimepiga picha lile fungu baya kwa simu kabla ya kusema lolote.

"Dada, samahani, naomba uniitie fundi."

"Kuna nini kwani, kaka?"

"Nina kumi na tisa hapa nataka tuzitazame pamoja."

Fundi akaja, kijana mdogo, masikio yamezibwa na spika za masikioni. Sikumwambia ameniharibia. Nikaweka sampuli kulia, picha mbaya kushoto, mtu yuleyule, kanzu ileile.

"Mdogo wangu, hii na hii zimetoka kwenye mashine moja?"

Akatazama. "Hiyo picha yako ndiyo ilivyo, anko."

"Inawezekana. Tuifungue kwenye kompyuta tuione."

Neno hilo ndilo ufunguo. Usibishane juu ya karatasi, mpeleke kwenye faili. Akafungua, na kwenye kioo baba mkubwa alikuwa na rangi yake yote. Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Majenta iliisha, nikabadilisha," na kuanzia hapo tukawa upande mmoja.

Sasa omba kitu kimoja kinachojulikana. "Nirudishieni hela yangu" ni vita. "Hizi kumi na tisa zirudiwe leo, ninasubiri" ni kazi ya dakika ishirini. Chukua zile nzuri uondoke nazo au uzishikilie. Zile mbaya andika namba za mafaili yake kwenye risiti. Wakisema hawawezi leo, omba zikatwe kwenye nusu uliyobakiza, ukasafishe kwingine. Na akikwambia "bosi hayupo", uliza anarudi saa ngapi, mwombe namba ya simu, mpigie ukiwa palepale umesimama. Bosi hayupo ni ukuta mpaka simu ianze kuita.

Sauti iwe chini. Foleni ikikusikia unapiga kelele, itamhurumia dada wa kaunta, siyo wewe.

Ikishindikana kabisa? Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, yenye sehemu za kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na ipo Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kwa elfu arobaini, sitakudanganya, nauli na siku zako zitakula zaidi ya hapo. Zitaje kwa upole kwenye mazungumzo na bosi. Zitumie kweli kama ni kazi kubwa ya harusi nzima.

Kabla hujatoka: faili na picha asili

Waambie wafute mafaili yako mbele yako, na kwenye pipa la kompyuta pia. Picha ya mwanao isiwe tangazo la dirishani bila wewe kukubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya ina yake ya 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe Nairobi 1,850,000 kwa picha za wateja.

Kama ulileta picha ya zamani ya karatasi ili itolewe nyingine, usiiache "mpaka kesho". Iskaniwe ukiwa umesimama, kwa nukta 600 kwa inchi, na asili irudi mkobani.

Na kama baada ya hesabu picha inakosekana, usikubali "tutaitafuta". Omba droo. Mimi nilirudi na yule bibi harusi wa keki ya ghorofa tano, nikampa dada wa kaunta. Akavuta droo ya chini, akamtia humo. Ilikuwa imejaa hadi kukataa kufunga: mahafali, ubatizo, maiti kwenye jeneza lililofunguliwa, askari na mkewe, watoto wa shule. Nikamwomba anipishe. Nilipekua dakika kumi, na chini kabisa nikamkuta baba mkubwa, kichwa kizima.